Magitaa Mawili ya Baba Aneth

Aneth alizijua siku za maji kuliko siku za mitihani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bomba la mtaa wao pale Ipagala lilifunguliwa asubuhi na mapema, na aliyezidiwa na usingizi alirudi nyumbani na madumu matupu. Kwa hiyo siku hizo aliamka kungali giza, akajifunga kanga juu ya sare ya shule ili isilowe, akachukua madumu yake na kumfuata mama yake kwenye foleni.

"Hilo kubwa niachie mimi," alisema asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, huku upepo wa kiangazi ukiwarushia vumbi machoni.

"Ulibebe kwa shingo gani hiyo?" mama yake alimtania. "Tangulia, mwanangu. Utachelewa kuhesabiwa namba shuleni."

Mama akajitwika dumu kubwa. Alipofika nyumbani alilishusha taratibu, akashika kiuno kwa mikono miwili. Aneth alimwona, akajifanya hakuona, kwa sababu mama yake hakupenda kuonewa huruma. Jina lake lilikuwa Miriam, na alikuwa fundi cherehani. Alishinda barazani ameinama juu ya mashine yake, na jioni mgongo ulimuuma sana. Kule zahanati walimwambia apunguze kubeba vitu vizito. Mama aliwashukuru vizuri, akasema amesikia, na kesho yake akabeba maji kama kawaida.

Baba yake, Meshack, alikuwa dereva katika wizara moja kule Mtumba. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, mtu mtulivu asiye na maneno mengi. Lakini Jumapili alikuwa mpiga gitaa la besi wa kwaya ya kanisa lao, na hapo utulivu wake wote uliisha. Mabega yalicheza, viatu vikapiga sakafu, na hata wazee waliokuja kanisani wakiwa wamenuna walijikuta wanatikisa vichwa.

Nyumbani kwao kulikuwa na magitaa ya besi mawili, na hadithi yenyewe inaanzia hapo.

Mwaka uliopita kwaya ilialikwa kuimba katika kijiji kimoja cha Bahi. Walikodi Kosta, vyombo vikafungwa juu kwenye keria. Wakati wa kurudi mvua kubwa iliwakuta njiani, gari likateleza na kuyumba sana, na walipofika mjini begi lenye gitaa la baba Aneth halikuwepo. Kesho yake watu walirudi kulitafuta njia nzima, wasilione.

Gitaa lile lilikuwa mali ya baba mwenyewe, alilinunua kabla hajaoa. Lakini kwa kuwa lilipotea katika safari ya kwaya, wanakwaya walisema hawawezi kumwacha hivyo. Wakachanga. Wenye mishahara walitoa fedha, na wasio na fedha walileta walichokuwa nacho. Mmoja alileta zabibu za shambani kwake, mwingine karanga, na Bibi Dorothea, mjane aliyeimba sauti ya pili tangu ujana wake, alileta mtama kutoka kwenye akiba yake ya chakula. Vyote viliuzwa, likanunuliwa gitaa jipya jekundu. Siku alipokabidhiwa, baba Aneth alilia mbele ya watu wote bila kuona aibu.

Kisha, kiangazi kilipoanza, simu yake ililia. Mfugaji mmoja mzee wa kule Bahi alikuwa amelikuta begi limenasa kwenye kichaka cha miiba. Ndani yake kulikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa wino, ila maji ya mvua yalikuwa yameifuta kidogo, na mzee mwenyewe hakujua kusoma. Akasubiri hadi kijana wake aliporudi kutoka masomoni, naye akajaribu kuzisoma namba hivi na vile mpaka akampata mwenyewe. Miezi yote hiyo mzee alikuwa amelitundika gitaa ndani ya nyumba yake ya tembe, juu ya moto wa kupikia, ili mchwa wasiliguse. Baba alikwenda kulichukua. Lilikuwa zima kabisa, ila lilinuka moshi.

"Nitawaambia wanakwaya Jumapili," baba alisema siku hiyo.

Jumapili ilipofika kulikuwa na wageni, hakupata nafasi. Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya alikuwa amefiwa. Iliyofuata baba alikuwa safarini na bosi wake. Baada ya hapo ikawa vigumu hata kuanza, maana wangemuuliza kwa nini hakusema mapema. Basi gitaa la zamani likakaa nyuma ya kabati, na baba akaendelea kupiga lile jekundu.

Aliyelifurahia gitaa la zamani ni Aneth. Baba alimfundisha jioni, vidole vikaota malengelenge, kisha vikakomaa. Gitaa la besi lisilo na spika halisikiki vizuri, kwa hiyo aliligusisha ubavu wake kwenye kabati la vyombo, na mbao za kabati zikaipokea sauti. Mama alilalamika kwamba vikombe vyake vinatetemeka, lakini hakumkataza. Mwezi ule wa Agosti Aneth alifaulu kupiga wimbo mzima bila kusimama hata mara moja, akatoka nje akiruka.

Ilikuwa jioni ya wiki hiyo hiyo, wakila ugali na mlenda, mama alipoanzisha mazungumzo.

"Baba Aneth, lile gitaa la nyuma ya kabati tuliuze, tununue tangi. Fundi atuvutie bomba kutoka mtaani, maji yakitoka tunajaza mara moja, basi. Mgongo wangu umechoka."

Baba alitafuna taratibu. "Mpiga besi mwenye gitaa moja ni sawa na dereva asiye na tairi la akiba. Tena huyu mtoto analitumia kujifunza."

"Tairi la akiba halinibebei maji," alisema mama.

Baba alicheka. Akamgeukia Aneth. "Wewe ndiye unayelipiga, na wewe ndiye unayechota maji. Ukisema libaki, litabaki. Ukisema liuzwe, litauzwa. Fikiri vizuri kwanza."

Aneth hakuwahi kupewa jambo la kuamua lenye uzito kama huo. Shuleni alimsimulia Gideoni, mwanafunzi mwenzake waliyekuwa wanasali pamoja. Gideoni alikuwa na hamu ya muziki kuliko mtu yeyote darasani, ila nyumbani kwao hapakuwa na chombo chochote zaidi ya redio.

"Mimi ningelificha," Gideoni alisema bila kusita. "Ningesema limepotea tena."

Walicheka sana. Lakini Ijumaa alfajiri, Aneth akiwa bado kitandani, alimsikia mama yake chumba cha pili akijaribu kuamka. Alisikia kitanda kikilia, kisha pumzi iliyozuiwa, kisha mama akijisemesha polepole, "Haya, Miriam, simama." Aneth alivuta shuka hadi kidevuni. Alimpenda mama yake, na kusikia vile kulimuuma kuliko kidonda.

Jioni aliwaambia wazazi wake, "Tuliuze."

Mama alimkumbatia. Baba alimshika kichwa na kusema, "Umekuwa mkubwa." Aneth akaenda nyuma ya jiko akalia peke yake, kwa sababu kuamua jambo jema hakukumzuia kulihuzunikia gitaa.

Siku iliyofuata baba alilipiga picha gitaa kwa simu. Alitaka kuiweka picha hiyo kwenye stetasi yake, watu waione. Kisha akakaa akiigeuza geuza simu mkononi.

"Aneth, hivi mtu akitaka baadhi ya watu wasiione picha, anafanyaje?"

"Rahisi tu, baba. Lete." Aneth alifungua mahali panapohusika. "Nitajie majina ya hao wasiopaswa kuiona."

"Nikodemo," alisema baba. Nikodemo alikuwa mwalimu wa kwaya. "Kefa. Mama Ritha. Mzee Ludovick..."

Aneth aliyagusa majina moja baada ya jingine. Mwanzoni hakuwaza lolote. Baadaye kidole chake kilianza kwenda polepole, kwa sababu kila jina lilikuwa na sura, na sura zote alizijua zikiwa zimevaa joho la kwaya. Bibi Dorothea hakutajwa, lakini yeye alikuwa na simu ya tochi tu, isiyoonyesha picha za mtu. Aneth alimrudishia baba simu. Usiku huo hakuligusa gitaa, ingawa zilikuwa zimebaki siku chache za kuwa nalo.

Mnunuzi alipatikana upesi. Aliitwa Octavian, kijana mrefu aliyekuwa akisomea ualimu katika chuo kikuu kule Chimwaga. Alipokuja asubuhi ya Jumamosi iliyofuata mama alikuwa anaipiga pasi nguo ya mteja. Kabla mgeni hajaingia, mama alimnong'oneza Aneth, "Akikuuliza, sema ni la ziada. Usimweleze mambo mengi."

"Shikamoo baba, shikamoo mama," Octavian aliamkia. Alikuwa amekuja na spika ndogo ya betri. Akaunganisha waya, akakaa kwenye kigoda, akapiga.

Aneth alishtuka. Miezi yote ile alikuwa akisikia sauti ya kabati tu. Sasa gitaa lenyewe lilisema, zito na laini, mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia mlangoni. Hakujua kwamba alikuwa akipiga kitu kizuri kiasi hicho.

"Hili ni gitaa, baba," Octavian alisema akitabasamu. "Siku hizi hawatengenezi hivi. Ila mbona linanuka moshi?"

Baba alikohoa. "Lilikaa mahali."

"Mahali gani, jikoni?" Octavian akamgeukia Aneth. "Mdogo wangu, mlilipikia nini hili?"

Aneth akacheka, na akiwa bado anacheka akajibu, "Lilikaa kwenye tembe, kule Bahi."

"Lilifikaje huko?"

Hapo Aneth alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamia pasi. Akamtazama baba, naye alikuwa anatazama mlango. Swali lilikuwa bado lipo. Aneth hakujua namna ya kulijibu nusu, kwa hiyo akalijibu lote: safari, mvua, mchango, gitaa jekundu, na yule mzee mfugaji.

"Hiyo ni habari nzuri!" alisema Octavian. "Kwaya walifurahije liliporudi?"

Pasi ilitoa mvuke. Baba alianza kufuta kioo cha simu kwa kidole, ingawa kilikuwa safi.

"Hawajui," Aneth alisema kwa sauti ndogo.

Octavian aliacha kutabasamu, lakini hakukunja uso. Alizima spika, akakunja waya wake, akalirudisha gitaa kwenye begi kwa uangalifu.

"Mniwie radhi, wazazi wangu," alisema. "Mimi nami napiga katika kwaya pale chuoni. Kwaya hukutana kwenye matamasha. Siku mmoja wa wenzenu akilitambua gitaa hili mikononi mwangu, akaniuliza nimelipata wapi, nitamjibu nini? Ongeeni nao kwanza. Mkishaelewana, nipigieni."

Akaaga kwa adabu, akaondoka.

"Aneth," alisema baba, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "nani alikutuma kusema yote hayo?"

"Aliniuliza, baba."

"Si uliambiwa useme ni la ziada?"

Machozi yalimlenga Aneth, lakini alijikaza. "Baba, ni la ziada kwa sababu watu walichanga. Bibi Dorothea asingetoa mtama wake, leo tungekuwa na hili moja tu. Tusingekuwa na la kuuza."

"Usimgombeze," mama aliingilia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha. Nilikuwa naliona tangi tu, sikuona kingine."

Baba alikaa chini. Hasira, ambayo tangu mwanzo haikuwa nyingi, ilimtoka. "Yale majina ya kwenye simu," alisema hatimaye, "uliona kwamba yote ni ya kwaya?"

"Niliona, baba."

"Yaani nilimfanya mwanangu anisaidie kuwaficha watu wangu." Alijipangusa uso kwa viganja. "Leo jioni kuna mazoezi. Tutakwenda wote, na magitaa yote mawili."

Mama alikuwa wa kwanza kusema kile ambacho kila mmoja alikuwa anakifikiria. "Wanaweza kuyachukua yote."

"Wanaweza," alikubali baba. "Na wakiyachukua, tutarudi mikono mitupu."

Jioni ile walipita mtaani, baba amebeba gitaa jekundu na Aneth amebeba lenye moshi. Kijana wa duka la vocha aliwapigia kelele, "Leo mnaanzisha bendi ya familia?" Baba alimpungia mkono tu. Aneth aliliona begi zito kuliko madumu, na aliogopa. Alijua kwamba kwa ule ukweli kidogo aliousema, mama yake anaweza kukosa tangi kabisa, na yeye asiguse tena uzi wa gitaa.

Kanisani wanakwaya walikuwa wanapasha sauti. Bibi Dorothea aliketi kwenye benchi la mbele, fimbo yake pembeni. "Mbukwenyi!" aliwasalimu kwa Kigogo, nao wakaitikia. Baba hakusubiri. Aliyaweka magitaa yote mawili juu ya meza, akayafungua, akasimama mbele yao mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Ndugu zangu, gitaa langu la zamani lilipatikana," alisema. "Lina miezi nyumbani. Nilisema nitawaambia, nikachelewa, halafu nikaona haya, halafu nikaanza kuficha. Leo nilikuwa nauza moja bila ninyi kujua. Naomba mnisamehe. Magitaa ndiyo haya, amueni ninyi."

Kisha sauti zikaanza upande huu na ule. Mmoja alisema kwa ukali kwamba mchango ni mchango, na aliyechangiwa hapaswi kuficha kitu. Mwingine akasema maneno yamekwisha kwa kuwa mtu amekuja mwenyewe. Mwalimu Nikodemo aliinua mkono kuwatuliza.

"Bibi, umenyamaza," alimwambia Bibi Dorothea. "Wewe unasemaje?"

Bibi aliinuka kwa fimbo yake, akaenda hadi mezani. Aliyatazama magitaa yote mawili kwa zamu, kana kwamba anachagua kuku sokoni.

"Meshack, mwanangu," alisema. "Mtama wangu umo kwenye lipi kati ya haya?"

Baba alilionyesha lile jekundu.

"Basi hilo ni letu. Likae hapa kanisani, uwe unalipiga kila Jumapili. Hili jingine uliingia nalo kwenye kwaya ukiwa kijana, hatukuchangia hata uzi. Lichukue. Ukilipiga, ukiliuza, ni shauri lako. Ila ungetuambia toka mwanzo, jibu lingekuwa hili hili, na usingepoteza usingizi."

Watu walicheka, na baba naye akacheka huku akifuta macho. Nikodemo akauliza kama kuna mwenye neno tofauti. Hata yule aliyesema kwa ukali alitikisa kichwa kwamba hana.

"Lakini subiri," alisema Kefa, mwimbaji wa sauti ya nne aliyeendesha pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. "Bwana Meshack, wewe na magitaa yako! Mpaka ulitaka kuliuza, kuna nini nyumbani?"

Baba alisita, kisha akaeleza habari ya maji na mgongo wa mama Aneth. Hakuwahi kuyasema hayo mbele ya kwaya.

"Mimi napita barabara yenu kila siku ya maji nikiwa sina mzigo!" Kefa alifoka, na ungedhani ametukanwa. "Wekeni madumu yenu nje usiku. Nitayapitisha bombani na kuyarudisha. Mtu anaumia jirani yangu na hasemi!"

Kefa alikuwa mtu wa maneno mengi, na ahadi zake nyingine zilichelewa, lakini hiyo aliitimiza. Aneth alibaki na dumu lake dogo tu la kubeba. Mama aliacha kabisa kujitwika maji, na baada ya muda akawa anaamka kitandani bila kujisemesha.

Baba alimpigia Octavian kumwambia kwamba sasa mambo yako wazi. Octavian alifurahi sana kusikia, ila alikuwa ameshapata gitaa jingine kwa rafiki yake. Ilibidi wasubiri. Mwishowe Nikodemo aliwaunganisha na kwaya ya vijana ya kijiji kimoja upande wa Mvumi. Vijana wale hawakuwa na uwezo kama wa Octavian, na baba hakuwabana. Gitaa likaondoka na harufu yake ya moshi, safari hii kila mtu akijua linakokwenda na kwa nini.

Na Aneth? Gitaa jekundu lilikaa kanisani, na kwaya ilikubaliana kwamba mtoto yeyote anayetaka anaweza kujifunza Jumamosi, baada ya mazoezi ya wakubwa, chini ya baba Aneth. Wa kwanza kufika alikuwa Gideoni, shati limepigwa pasi. Aneth hakulipenda jambo hilo mwanzoni, na haina maana kusema alilipenda. Alikuwa amezoea kuwa peke yake na gitaa. Sasa alipiga kidogo, kisha akakaa benchini na kumsikiliza Gideoni akikosea palepale alipokosea yeye zamani. Jumamosi ya tatu hakuvumilia. Alisogea, akamshika kidole na kukiweka mahali pake. "Hapa," alisema. "Bonyeza kwa ncha." Sauti ilitoka safi, na wote wawili wakatazamana kwa mshangao.

Tangi lilifika mvua za kwanza zikikaribia. Lilikuwa dogo kuliko lile ambalo mama alikuwa ameliota. Fundi aliliweka juu ya kitako cha matofali kando ya baraza, akalivutia bomba kutoka mtaani, na maji yalipofunguliwa walisimama wote kulisikiliza likijaa.

Alasiri hiyo hiyo Bibi Dorothea alipita kuchukua gauni lake lililokuwa linashonwa. Jua lilikuwa kali na alikuwa ametembea.

"Nipe maji, Miriam, mate yamekauka."

Mama alijaza jagi maji yaliyochemshwa na kupozwa ndani ya mtungi, akamwongoza bibi hadi kwenye tangi, akafungua bomba la tangi amnawishe bibi mikono. Bibi alinawa, akanywa, akavuta pumzi. Akalitazama tangi.

"Hili ndilo lile gitaa?"

"Ndilo hilo, Bibi," mama alijibu, na akacheka kwa sauti.

"Halipigi, lakini linafaa," Bibi alisema. Akanywa tena, akachukua gauni lake, akaaga, akaenda zake polepole.

Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akamwita Aneth aketi naye barazani.

"Siku ile alipokuja yule kijana, nilikukasirikia moyoni," alisema. "Sikukuambia, lakini nilikukasirikia. Nilijua kwamba kama ungenyamaza tu, tangi lingefika siku ile ile, tena kubwa kuliko hili. Sasa niambie, ungenyamaza, leo Bibi aliponiuliza ningemjibu nini?"

Aneth alifikiri. "Ungemwambia ni tangi tu."

"Ningemwambia ni tangi tu. Na kesho angeuliza mwingine, ningedanganya tena. Halafu ningeanza kukaa ndani nikisikia hodi ya mwanakwaya yeyote, na Jumapili ningeketi benchi la nyuma kabisa." Mama alimshika mkono, akavipapasa vidole vyake vilivyokomaa. "Mwanangu, kitu ni chako kweli kama unaweza kumwambia mtu yeyote ulivyokipata. Kama huwezi, hata kikiwa nyumbani kwako, wewe ndiye utakayekuwa mgeni wake."

Kisha akampa kikombe alichonywea Bibi, akamwambia akakioshe.